Mlio wa Rivasi Usiku: Punguza Kelele, Usiondoe Usalama

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo kwa wakazi, madereva na wenye magari wa mji wa Doldol, Laikipia Kaskazini, kuhusu kengele za rivasi katika makazi.

 

Mada ya leo ni ndogo kwa sura, lakini imewakosesha watu usingizi na kuwakosanisha majirani. Ni ule mlio unaotoka nyuma ya gari dereva anapoingiza gia ya rivasi. Magari mengine hulia pi-pi-pi. Mengine hupiga muziki. Malori kadhaa yaliyotoka Japani husema "bakku shimasu", yaani narudi nyuma, na mengine hutangaza kwa Kichina au Kiingereza. Mchana sokoni hakuna anayelalamika. Saa kumi na nusu alfajiri, kwenye ploti ya nyumba za mabati, mambo ni tofauti.

Tuseme kuna dereva wa pikapu anayebeba mbuzi na abiria kwenda Nanyuki. Anataka kuwa barabarani kabla ya kupambazuka. Anawasha gari, anaingiza rivasi, na kengele inalia mpaka amalize kutoka getini. Nyumba ya pili inalala koko, nyanya wa watu, ambaye usingizi wake ni wa kuunganisha vipande. Ya tatu ina mama aliyejifungua majuzi, na mtoto ndiyo kwanza amelala. Asubuhi koko anamtumia dereva ujumbe kupitia kwa mjukuu: "Mwambie mwanangu, gari lake linaniamsha kila siku." Dereva si mtu mbaya. Anamheshimu koko. Jioni hiyo anamwita fundi, anamwambia akate waya.

Waya unakatwa na koko analala. Lakini Jumamosi, jua likiwa la utosi, watoto wawili wa ploti wanakaa kwenye kivuli nyuma ya pikapu wakicheza na mwanambuzi. Dereva anaingia garini. Sasa hakuna kitu chochote cha kuwaambia watoto wale kwamba gari linarudi nyuma.

Mfano huu ndio kiini cha mazungumzo ya leo. Koko ana haki ya kulala, na mtoto ana haki ya kuonywa. Hakuna haja ya kumnyima mmoja ili kumpa mwingine, maana njia za kuwatosheleza wote wawili zipo, na nyingine hazigharimu hata shilingi.

KENGELE HII ILITOKA WAPI NA INAFANYAJE KAZI

Kengele ya rivasi ya aina tunayoijua ilianza kutengenezwa Japani na kampuni ya Yamaguchi Electric mwaka wa 1963. Sababu yake ilikuwa rahisi: dereva wa gari kubwa haoni moja kwa moja kilicho nyuma yake, basi aliye nyuma aambiwe ajiondoe. Kutoka kwa malori na mitambo ya ujenzi, kengele ikaenea hadi kwenye magari madogo.

Ufanyaji kazi wake si wa ajabu. Dereva akiingiza rivasi, swichi iliyo kwenye gia hupeleka umeme kwenye taa nyeupe ya nyuma. Kengele nyingi zilizofungwa baadaye na mafundi huchukua umeme kutoka kwenye waya huohuo wa taa. Ndiyo maana fundi asiye makini akikata waya asioujua, taa ya rivasi nayo huzimika, na dereva anabaki anarudi nyuma gizani, bila mlio na bila mwanga. Hilo ni kosa la kwanza la kuepuka.

Nguvu ya mlio hupimwa kwa desibeli. Kengele hizi hutengenezwa kwa madaraja, na viwango vinavyotumika sana ni desibeli 77, 87, 97, 107 na 112, vikipimwa umbali wa kama mita 1.2 kutoka kwenye kengele. Zile za 107 na 112 ni za migodini na kwenye mitambo mikubwa yenye kishindo. Hazina kazi katika ua wa nyumbani.

Sasa fikirieni kengele ya desibeli 97 mahali pa wazi. Kila umbali unapoongezeka maradufu, mlio hupungua kwa takriban desibeli 6. Mita 10 kutoka kwenye gari utakuwa karibu desibeli 79. Mita 40, karibu 67. Hata mita 150, ng'ambo ya boma, bado ni kama 55. Ukuta wa mabati hauzuii sana, na usiku wa Doldol ni mtulivu kiasi kwamba mbwa akibweka upande mmoja wa mji anasikika upande wa pili. Kwa hiyo jirani anapolalamika, hasemi uongo wala hana chuki. Ni hesabu.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya Kenya, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la nne la Katiba hiyohiyo linaweka udhibiti wa kelele na kero nyingine za umma kati ya kazi za serikali za kaunti. Kisha kuna kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka wa 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999.

Kanuni hizo zinahesabu usiku kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Katika eneo la makazi, kiwango cha kelele nje ya nyumba ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Kanuni hizohizo zinakataza kupiga honi au kifaa kingine cha onyo cha gari, isipokuwa inapohitajika kuzuia ajali.

Yasikilizeni vizuri maneno hayo ya mwisho, kwa sababu yanagusa pande zote mbili. Dereva hawezi kusema, "Ni kengele ya usalama, lieni mnavyotaka." Jirani naye hawezi kusema, "Sitaki kusikia chochote." Onyo linaruhusiwa pale lina kazi ya kuzuia ajali. Kengele inayolia dakika nzima katika ua mtupu, huku dereva akitafuta simu yake kitini na rivasi imeingizwa, haizuii ajali yoyote.

Nchi nyingine zimekutana na jambo hilihili. Uingereza hairuhusu kengele ya rivasi kulia kati ya saa tano na nusu usiku na saa moja asubuhi kwenye barabara za makazi zenye kikomo cha maili 30 kwa saa. Hawakuzifuta kengele. Waliziwekea saa za kunyamaza, na dereva anabaki na wajibu wa kuhakikisha nyuma yake pako salama.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 1999 kwamba kelele za ghafla ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 45 ili mtu alale vizuri. Anayeamshwa kila alfajiri hapotezi dakika tano tu. Mzee, mgonjwa au mama anayenyonyesha anaweza asiupate usingizi tena mpaka kuche.

DAWA YA KWANZA NI BURE: INGIA KINYUMENYUME

Kabla ya kutafuta fundi, badilisha namna ya kuegesha. Ukifika nyumbani jioni, watu bado wako macho, rudisha gari kinyumenyume hadi mahali pake, pua ielekee getini. Alfajiri unawasha na kutoka moja kwa moja mbele. Rivasi haiguswi, kwa hiyo kengele hailii. Koko analala, na waya haukukatwa.

Njia hii ina faida ya pili, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Ukifika, umetoka kuuona ua kwa macho yako ukiwa nje. Unajua watoto wako wapi na mbuzi wako wapi. Lakini ukiwasha gari lililolala usiku kucha na kurudi nyuma kuelekea barabarani, unaingia mahali usipopaona, penye bodaboda, wanafunzi wanaowahi shule na mifugo inayotolewa zizini. Kutoka ukiangalia mbele ni salama zaidi kwa kila mtu.

Wenye maboza ya maji na malori ya mchanga wana lao. Kazi inayohitaji kurudi nyuma mara nyingi, kama kumwaga maji kwenye tangi la ploti au kushusha mchanga, ipangwe mchana. Mwenye ploti anayeagiza maji aseme saa, asimwachie dereva aje saa nne za usiku. Lawama ya kelele si ya dereva peke yake.

IKIWA LAZIMA UGUSE KENGELE

Kwanza jua ni mlio upi. Magari mengi ya haibridi yaliyotumika Japani hulia ndani ya gari tu, kumkumbusha dereva kwamba ameingiza rivasi. Mlio huo hauamshi jirani. Mtihani ni rahisi: vuta breki ya mkono, kanyaga breki, funga vioo, ingiza rivasi, na mtu mzima asimame pembeni ya gari, si nyuma yake, asikilize. Kama hasikii, hakuna la kutengeneza.

Kama mlio unatoka nje, tazama kengele yenyewe. Kwa kawaida ni kidude cheusi cha duara au cha mraba, kimefungwa kwenye fremu au nyuma ya bampa, kina waya mbili. Daraja lake mara nyingi limeandikwa mgongoni. Ukikuta 97 au 107 kwenye gari dogo la nyumbani, umejua tatizo liko wapi. Badilisha uweke ya 77 au 87. Mwambie fundi volteji ya gari lako: magari madogo ni 12, malori mengi ni 24, na kengele ya 12 ikifungwa kwenye 24 inaungua. Kengele ya desibeli 77 bado inamfikia mtu aliyesimama mita mbili tatu nyuma ya gari katika ua mtulivu, lakini haivuki boma tatu.

Zipo pia kengele zinazojipima zenyewe. Husikiliza kelele za mahali, kisha hulia juu yake kidogo tu. Sokoni hupaza sauti, nyumbani hushusha. Kwa gari linalofanya kazi mchana mjini na kulala kwenye ploti, hii ndiyo inayofaa zaidi.

Aina nyingine haipigi pi-pi-pi bali hutoa sauti ya "shaa-shaa", kama maji yakimwagika kwa vipindi. Sauti hiyo husikika vizuri karibu na gari na hufifia haraka kwa mbali. Tena sikio hutambua kwa urahisi inatoka upande gani. Mtu akisikia pi-pi-pi hugeuka huku na huku kutafuta gari. Akisikia "shaa" anajua liko nyuma yake.

Baadhi ya kengele zina hali ya usiku: ukiingiza rivasi mara mbili kwa haraka, zinanyamaza kwa safari hiyo moja, kisha zinarudi kawaida zenyewe. Hapo ndipo penye tofauti na swichi ya kienyeji inayofichwa chini ya dashibodi. Swichi ya namna hiyo huzimwa usiku mmoja na kusahaulika miezi sita. Kama ni lazima kuzima, izime kwa njia ambayo kengele itarudi yenyewe, isiyotegemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka.

Wengine huziba mdomo wa kengele kwa tepu au kitambaa. Mlio hupungua kweli, lakini hupungua sokoni pia, na matope na maji hukwama humo mpaka kengele inakufa kimyakimya. Siku itakapokufa, dereva hatajua.

YASIYOFAA KUNYAMAZISHWA

Lori, tipa, boza, trekta na gari lolote la kubeba wanafunzi lisiondolewe kengele. Sehemu isiyoonekana nyuma ya magari hayo ni kubwa, na mtoto mdogo anaweza kutoweka kabisa ndani yake. Kwa magari haya, dawa ni daraja linalofaa, kupanga saa za kazi, na mtu wa kuelekeza.

Magari ya umeme nayo yana hali yake. Injini haina mngurumo, kwa hiyo yamewekewa sauti ya makusudi ili waendao kwa miguu wasikie. Umoja wa Ulaya umelazimisha sauti hiyo kwenye magari yote mapya ya aina hiyo tangu Julai 2021, yanapokwenda polepole na yanaporudi nyuma. Magari kama hayo yanaanza kuonekana kwetu. Sauti yake ni ya chini na imeunganishwa na kompyuta ya gari. Asiyeijua asiiguse. Asiyeona vizuri hana njia nyingine ya kujua gari linakuja.

Kamera ya nyuma inasaidia. Marekani imezilazimisha kwenye magari madogo yote mapya tangu Mei 2018, baada ya watoto wengi kukanyagwa na magari yakirudi nyuma, mara nyingi na jamaa zao wenyewe, nyumbani kwao wenyewe. Lakini barabara zetu zina vumbi na matope. Kioo cha kamera kisichofutwa hakioni kitu, na kamera haimwonyi aliye nyuma. Inamwonyesha dereva tu.

Kwa hiyo, kengele ilie au isilie, kuna hatua isiyo na mbadala: zunguka gari kwa miguu kabla ya kuingia. Huku kwetu mtoto na mwanambuzi hufuata kivuli, na kivuli cha mchana kiko chini ya gari na nyuma yake. Piga kofi bodi, inama, tazama. Ingia na uondoke papo hapo, usikae kwanza kuongea na simu, kwa sababu ulichokiona dakika tano zilizopita si kilichopo sasa. Kama una utingo, ashuke asimame pembeni unapomwona kwenye kioo. Akitoweka kwenye kioo, simama. Usiku utingo atumie tochi na mkono, asipige kelele za "rudi, rudi" wala kugonga bodi. Haina maana kunyamazisha kengele na kuleta mtu anayepiga kelele zaidi.

MAJIRANI WAKIKOSANA

Anayesumbuliwa aanze kwa kuongea na mwenye gari, ana kwa ana, mchana, bila hasira. Wengi hawajui wanavyosikika, kwa sababu aliye ndani ya gari, vioo vimefungwa na redio inaimba, husikia kidogo sana. Mkaribishe asimame mlangoni pako mtu mwingine akiingiza rivasi. Mara nyingi hilo linatosha.

Ikishindikana, mzee wa nyumba kumi au mwenye ploti awaketishe. Baada yake kuna chifu na msimamizi wa wadi, na maafisa wa mazingira wa kaunti. Mamlaka ya kitaifa ya mazingira, NEMA, nayo hupokea malalamiko ya kelele. Mlalamishi aandike siku, saa, na mlio ulidumu muda gani. Maandishi ya wiki mbili yana uzito kuliko kusema "kila siku".

Dereva naye akiambiwa, asichukue koleo. Aulize kwanza: je, naweza kuegesha pua ikielekea getini? Kengele yangu ni ya daraja gani? Fundi wangu anajua kuitofautisha na waya wa taa?

Turudi kwa yule dereva wa pikapu. Akiingia kinyumenyume jioni, akafunga kengele ya desibeli 77 mahali pa ile iliyokatwa, na akazunguka gari kila anapotaka kuondoka, koko atalala hadi jogoo awike. Na Jumamosi, wale watoto wawili na mwanambuzi wao watasikia mlio mdogo nyuma ya gari na kutoka kivulini. Au bora zaidi, dereva atakuwa amewaona kabla ya kupanda, awaambie kwa upole: "Wanangu, hamieni kwenye kivuli cha mti."